Ndoano Namba Tano

Ungamo lilikuwa limeandikwa vizuri kupita kiasi. Hilo ndilo lililomkera Inspekta kabla hata hajafika mstari wa mwisho. Kwa miaka ishirini na miwili alikuwa amesoma maungamo ya wezi, ya wauaji na ya watu waliochoka tu kubishana, na yote yalikuwa na fujo zake: maneno yaliyokatwa, habari iliyoanzia katikati, visingizio vilivyopenyezwa pembeni. Hili lilinyooka kama tangazo la ofisini.

"'Nakiri kwamba jana, saa nne na dakika kumi na nne asubuhi,'" alisoma kwa sauti, "'nilijitokeza juu ya maji na kumwarifu mshika kamba kuwa mimi na mzamiaji mwenzangu tumekamilisha kazi, ilhali mwenzangu alikuwa bado chini.' Wewe husema 'ilhali'?"

"Nasema," alijibu Mluzi.

"Mara ya mwisho lini?"

Nje mvua ilikuwa inapiga mabati tangu alfajiri, na chumba cha mahojiano kilikuwa kinanuka nguo mbichi.

Mluzi alikuwa pomboo, mzamiaji wa kituo cha umeme kwa mwaka wa kumi na moja sasa. Mjini hapo hilo halikumshangaza mtu. Pomboo waliajiriwa kama watu, kwa mkataba na kizibao chenye namba mgongoni, wakapewa zile kazi za chini ya maji ambazo watu walizikimbia. Kituo cha polisi hakikuwa na kiti cha kumfaa, kwa hiyo Sajini alikuwa ameazima hodhi la bati kwa zimamoto, akalijaza maji hadi nusu, na kila baada ya muda alimwagia mgeni wao kikombe kimoja mgongoni, kwa aibu kidogo, kama mtu anayemwosha mkwewe.

Kumhoji pomboo ni kazi ya kuchosha ubongo. Hatoki jasho, hang'ati kucha, na mdomo wake umeumbwa na tabasamu lisiloondoka hata msibani. Inspekta aligundua mapema kwamba cha kutazama ni tundu la pumzi lililoko utosini. Kila alipotaja jina la marehemu, tundu lile lilifunguka na kujifunga mara tatu, upesi upesi.

Marehemu alikuwa binadamu, na wenzake walimwita Chuma. Jana asubuhi yeye na Mluzi walikuwa mita ishirini chini, mbele ya handaki linalovuta maji ya bahari kwenda kupoza mitambo. Pampu ilikuwa imezimwa. Walikuwa wamefungua kipande cha wavu wa chuma ili wabadilishe nondo zilizooza. Saa nne na dakika kumi na saba pampu ikawashwa. Maji yakamvuta Chuma na mpira wake wa hewa, yakampitisha kwenye lile pengo, na kamba yake ikarudi juu imekatika. Pampu ilizimwa tena, lakini mpaka sasa alikuwa bado ndani ya handaki. Wazamiaji wawili binadamu walioletwa jana jioni waliteremka, wakalitazama lile shimo, wakapanda, wakavua mavazi yao, wasirudi tena. Na meneja wa kituo alikuwa ameshatangaza kuwa mji hauwezi kukaa gizani siku ya pili: pampu ingewashwa leo saa nane mchana. Baada ya hapo familia isingekuwa na cha kuzika.

"Nani alikuandikia hii karatasi?" Inspekta aliuliza.

"Mimi mwenyewe."

"Kwa mkono gani?"

Sajini alikohoa. Mluzi aliyatazama mapezi yake mawili kana kwamba na yeye ndiyo kwanza anayaona.

"Meneja ndiye aliyeandika," alisema hatimaye. "Mimi nilipiga pezi kwenye wino."

"Kwa ahadi gani?"

"Nikikubali kosa, shauri limekwisha, naye ataniruhusu nishuke nimtoe ndugu yangu kabla ya saa nane. Nisipokubali, mimi ni mtuhumiwa, na mtuhumiwa haruhusiwi kusogelea gati."

"Ukishamtoa?"

"Nitaenda Bwawani."

Bwawa lilikuwa gereza la pomboo: kuta nne za saruji, bila mlango wa kuelekea baharini. Inspekta aliwahi kupeleka mmoja huko.

"Unajua ni miaka mingapi?"

"Kumi na miwili. Najua pia kulivyo. Kila sauti unayotoa inagonga ukuta, inakurudia. Rafiki yangu alitoka huko, mpaka leo hasemi." Alivuta pumzi moja ndefu. "Lakini jana mkewe Chuma aliniuliza, shemeji, tutazika nini? Wewe ungemjibu nini, afande?"

Inspekta akalirudia ungamo. Chini kabisa palikuwa na alama ya pezi kwa wino wa buluu, na katikati ya alama ulipita mstari mweupe, mahali ambapo wino haukushika.

"Nyanyua pezi la kulia."

Mluzi alisita, kisha akanyanyua. Jeraha lilikuwa bichi, limenyooka, na kingo zake zilikuwa na rangi ya kutu.

"Umekatwa na nini?"

"Wavu."

"Jana?"

"Jana, maji yalipovuta."

"Sasa nisaidie hesabu, maana mimi shuleni ilinishinda. Karatasi inasema saa nne na dakika kumi na nne ulikuwa juu, unatangaza kazi imekwisha. Pampu imewashwa dakika tatu baadaye. Aliyemaliza kazi alifuata nini tena kwenye wavu, mita ishirini chini?"

Tundu la pumzi likajifunga. Likakaa limejifunga hivyo mpaka Sajini akatazama saa yake.

"Sikusema tumemaliza," Mluzi alisema. "Nilipanda kuvuta pumzi. Hupanda kila dakika nane, si mnajua. Nilivuta, nikarudi chini, sikusema na mtu. Pampu ilipoanza nilikuwa naye. Nilimshika kwa mdomo, hapa kwenye buti."

"Kisha?"

"Kisha buti likabaki mdomoni mwangu."

Sajini aliweka kikombe chini.

"Kwa nini hukusema hivyo tangu jana?" Inspekta aliuliza.

"Nani ataniamini? Mshika kamba ameapa kwamba nilisema. Na mshika kamba ni shemeji wa marehemu, kaka wa mkewe. Kwa nini amsingizie mtu kifo cha shemeji yake?"

Inspekta alilikunja ungamo mara mbili, akalitia mfukoni mwa koti badala ya kwenye faili. Saa ya ukutani ilikuwa inakaribia saa sita.

*

Njiani Sajini alikuwa ameshapata mkosaji wake. "Ni yule mama wa pampu, afande. Mwezi jana Chuma alimshtaki kwa meneja kwamba anasinzia kazini. Barua ninayo. Nia anayo, mkono wake ndio uliobonyeza. Unataka nini zaidi?"

"Nataka kuona alichokiona."

Chumba cha pampu kilikuwa juu ya ngazi, hatua hamsini kutoka ukingo wa gati. Mwendesha pampu, ambaye kituo kizima kilimwita Mama Swichi, alikuwa mwanamke mfupi aliyekula chumvi nyingi, miwani yake imefungwa kwa uzi upande mmoja. Hakusubiri kuulizwa.

"Kweli Chuma alinishtaki, na kweli nilisinzia. Nilikuwa na homa. Alipojua, alikuja mwenyewe akaniletea dawa, akakaa pale kwenye ndoo akaomba radhi kama mtoto. Mwanangu, mimi ningemuua yule?"

"Nieleze ulivyowasha."

Mama Swichi alionyesha ukutani. Palikuwa na ubao wa ndoano kumi na mbili zenye namba, na juu yake maneno ya rangi nyekundu: ALIYE MAJINI KIBAO CHAKE KINING'INIE. KIKINING'INIA, PAMPU HAIWASHWI. Kila mzamiaji alikuwa na kibao chake cha bati na ndoano yake. Anayeingia majini hutundikiwa kibao, anayetoka, chake hutolewa. Hapo palikuwa na usalama wao wote.

"Meneja alikuwa amenipigia simu mara tatu," alisema. "Anataka pampu mara tu ndoano itakapokuwa wazi. Nikainua macho. Namba nne tupu. Nikabonyeza."

"Namba nne ya Chuma. Na tano, ya Mluzi, hukuitazama?"

"Tano? Tano si iko tupu siku zote."

Akagundua amesema nini, akaziba mdomo kwa kiganja.

Inspekta alisogea ubaoni. Ndoano namba nne ilikuwa inang'aa kwa kusuguliwa. Namba tano ilikuwa imevaa kutu toka shinani hadi nchani, na buibui alikuwa amejenga nyumba kati yake na ukuta. Hakuna kibao kilichowahi kuipitia kwa miaka.

Alitoa mfuko wa vielelezo. Jana mshika kamba alikuwa amekabidhi vibao viwili, kila kimoja na waya wake, na waya zote mbili zilikuwa mpya, hazina hata doa la grisi. Inspekta aliziondoa waya, akavigeuza vibao. Kila kimoja kilikuwa kimechubuka rangi mgongoni, duara la ukubwa wa sarafu. Alivilaza mgongo kwa mgongo. Michubuko ikakutana sawasawa.

"Vilikuwa pamoja," alisema. "Muda mrefu."

Mama Swichi aliketi juu ya ndoo. "Kwenye pete moja," alisema kwa sauti ya chini. "Sheria hiyo iliandikwa na watu kwa ajili ya watu. Mluzi hupanda kila dakika nane. Mwanzoni Shemeji, yule mshika kamba, alikuwa anakwea ngazi hizi siku nzima kama mwendawazimu. Kibao toa, kibao weka. Tulikuwa tunamcheka. Ndipo Chuma akatia vibao vyote viwili kwenye pete. Asubuhi vinatundikwa, kazi ikiisha vinatolewa. Miaka tisa, hakuna aliyekwaruzika."

"Na jana nani aliitoa pete?"

"Nilikuwa nimewapa mgongo, nasoma mita. Nilisikia mlango, sikugeuka. Sijui zaidi ya hapo, na ningejua ningesema."

Sajini aliirudisha pingu kiunoni taratibu, kama mtu anayetumaini hakuonekana akiitoa.

Inspekta akamtuma getini alete daftari la wageni. Jana asubuhi palikuwa na mgeni mmoja tu. Mkaguzi wa usalama, aliyekuja bila taarifa, alisaini saa nne na dakika kumi na mbili.

"Huyu akifika huanzia wapi?"

"Ukingoni," alisema Mama Swichi. "Anahesabu vichwa vilivyo juu ya maji, halafu anapanda huku anahesabu vibao. Visipolingana, kuna mtu amemwaga unga. Mwezi jana alimsimamisha kazi mshika kamba wa gati la pili kwa kibao kimoja tu."

Kisha akaitazama ndoano namba nne, kwa sababu na yeye alikuwa ameshaelewa.

*

Shemeji aliletwa kutoka stoo ya kamba. Alikuwa mtu mrefu, mabega yameporomoka, macho yamevimba. Hata wakubwa wake walimwita Shemeji, kwa kuwa Chuma ndiye aliyemleta kazini na ndiye aliyekuwa akimwita hivyo toka upande mmoja wa gati hadi wa pili.

"Pole kwa msiba," Inspekta alimwambia, na alimaanisha. "Sitakuweka. Nataka kujua jambo dogo la utaratibu." Alikuwa amezirudisha waya mpya. Alimwekea vibao vyote viwili kiganjani. "Fanya kama ulivyofanya jana asubuhi kabla hawajateremka."

Shemeji aliugeukia ubao. Alikuwa hajalala, na mkono ulikwenda wenyewe ulikozoea kwenda. Ukatundika kibao cha Chuma kwenye ndoano namba nne. Ukatundika na cha Mluzi hapo hapo.

Alirudi nyuma hatua moja, akatazama. Ndipo alipoona.

Mashine ndogo kwenye kona ilikuwa inatoa mlio wake wa siku zote. Shemeji alinyoosha mkono kana kwamba atakihamisha kile kibao cha pili, ukaishia njiani.

"Pete iko wapi?" Inspekta aliuliza.

"Niliitupa baharini."

"Mkaguzi alikuwa amefika wapi?"

"Kwenye makontena. Anakuja." Aliitazama ndoano namba nne. "Kichwa cha Mluzi kilikuwa juu, anavuta pumzi. Nikasema, akimwona huyu juu na kibao chake kiko ubaoni, mimi sina kazi. Nikafunga kamba ya Chuma kwenye nguzo, nikakimbia, nikanyakua pete. Nilikuwa namfikiria Mluzi peke yake, afande. Nimefika katikati ya ngazi nikasikia pampu."

"Ukawa umemsahau Chuma."

"Sikumsahau." Alimtazama Inspekta usoni kwa mara ya kwanza. "Namsahauje, nilikuwa nimeshika kamba yake dakika moja kabla. Nilisahau kwamba na yeye yumo kwenye pete."

Mama Swichi alivua miwani yake akaanza kulia bila sauti.

"Na yale maneno kwamba Mluzi alisema wamemaliza?"

"Meneja aliniuliza, huyo pomboo alikwambia nini? Aliuliza mara mbili. Dada yangu alikuwa amesimama hapo hapo ananitazama. Nikasema neno la kwanza lililonijia." Alifuta uso kwa kiwiko. "Kisha likawa limeshaandikwa."

Inspekta aliandika maelezo yake kwa mkono, na hayakunyooka hata kidogo. Shemeji aliyasoma, akarekebisha dakika mahali pamoja, akasaini.

*

Saa nane kasoro robo gari la zimamoto lilisimama gatini na hodhi juu yake. Meneja alikuwa amewatangulia, mwavuli mkononi. Dada yake Shemeji, mjane wa Chuma, alikuwa ameketi juu ya kreti, shuka jeupe limekunjwa mapajani, halijalowa kwa sababu alikuwa amelifunika kwa mwili wake.

"Huyo ni mtuhumiwa," meneja alisema. "Na pampu ni saa nane. Nina hospitali inayosubiri umeme, Inspekta, sifanyi hivi kwa kupenda wala kwa kuchukia."

"Hospitali ina jenereta, nimeshapiga simu. Na huyo si mtuhumiwa. Ni mzamiaji anayeingia kazini." Inspekta alichana ungamo vipande viwili, akambakizia meneja kimoja. "Hiki utanieleza kesho, ofisini kwangu."

Wakamshusha Mluzi majini, kamba mpya imezungushwa kifuani chini ya kizibao. Inspekta alipanda ngazi yeye mwenyewe. Akakitoa kibao cha Mluzi kwenye ndoano namba nne, akapasua utando wa buibui, akakisukuma kwenye ndoano namba tano. Kutu ilikataa, akalazimisha, kikaingia. Kile cha Chuma alikiacha palepale kilipo.

"Cha marehemu kitoe," meneja alimwambia kutoka mlangoni.

Inspekta alionyesha maandishi mekundu. "Inasema aliye majini. Haisemi aliye hai."

Meneja alimgeukia Mama Swichi. Bibi yule alikuwa ameshakalia mikono yake yote miwili, akitazama ukuta.

Chini gatini palikuwa na tatizo moja. Sajini alikuwa ameshika kamba kama anayefunga mbuzi. Shemeji, pingu mkononi, alimtazama kwa muda kisha akashindwa kuvumilia.

"Afande, ataua tena mtu. Kamba haishikwi hivyo."

Inspekta alifikiri. Akafungua pingu. Shemeji akaichukua kamba, akaipitisha mgongoni, akaegemeza mguu kwenye nguzo. Safari hii hakuifunga.

Mluzi alizama. Baada ya dakika nane alipanda mikono mitupu, kama wasemavyo watu, akavuta pumzi, hakumtazama yeyote, akarudi. Saa nane ikapita na mvua yake. Alipanda tena, pua imechubuka inatoka damu, akasema neno moja tu, "Nimemwona," akarudi. Dakika ya saba kamba ilitikisika. Shemeji alihesabu mitikisiko kwa sauti, kwa sababu ndivyo alivyofundishwa na Chuma: mmoja, miwili, mitatu, minne. Minne ni nipandishe.

Akavuta. Sajini akaja nyuma yake, na Inspekta nyuma ya Sajini. Ilikuwa nzito mno kwa pomboo mmoja.

Walipomlaza Chuma juu ya gati alikuwa na buti moja. Dada yake Shemeji alikunjua shuka. Alimfunika mumewe kwanza, miguu mpaka kichwa, akaweka sawa pembe zote. Kisha akamtazama kaka yake aliyekuwa bado ameshika kamba, na macho yake hayakuondoka hapo. Shemeji alianza kumwambia mwenyewe, kwa maneno yake, toka kwenye pete. Inspekta alisimama mbali kidogo na pingu mfukoni, akamwacha amalize.

Mluzi alikuwa ametoa kichwa majini kando ya ngazi, tabasamu lake lile lile lisilomtii.

"Mama Swichi!" aliita kuelekea juu. "Toa namba nne. Ndugu yangu ametoka."

Dirishani mkono wa bibi ulionekana ukinyooka, ukakitoa kibao cha Chuma, ukakishika.

"Na tano?" aliuliza Inspekta. "Panda basi, wewe uko huru."

"Tano iache kwanza," alisema Mluzi. "Bado niko majini."

Akabaki hapo, kichwa juu, mpaka gari lililombeba Chuma lilipotoka getini.